UZI: Masika yanaingia, bati la kanisa linavuja, na mimi ndiye niliyesoma majina ya wasiomaliza ahadi

#1 MhaziniWaMtaa · 23 Februari 2026

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na wasio wa imani yangu, habari za jioni.

Naandika kutoka mtaa mmoja, yaani tawi la usharika, wa KKKT (kanisa letu la Kilutheri Tanzania) huku mlimani Kilimanjaro. Huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa mhazini wa mtaa. Kanisa letu ni dogo, la mawe, na bati la upande wa madhabahu limeliwa na kutu. Masika ya mwaka jana kwaya ilihama benchi mara mbili katikati ya ibada moja, na mwinjilisti alihubiri huku ndoo ikilia tone kwa tone nyuma yake. Oktoba tukakubaliana kubadilisha upande wote ule, bati geji 28, pamoja na mbao za kenchi zilizooza.

Watu wakaahidi. Krismasi, ndugu zetu walipopanda kutoka Dar na Arusha, ahadi zilijaza kurasa tano za daftari. Kisha Januari ikaja na ada, sare na madaftari ya shule. Hadi leo kilichoingia hakijafika nusu.

Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresma. Kamati ya ujenzi iliniagiza nisome hadharani majina ya ambao hawajamaliza. Nikasoma. Majina 37. La kumi na mbili lilikuwa la mama mmoja mjane aliyeahidi elfu hamsini na ametoa elfu kumi na tano. Alikuwa amekaa benchi ya tatu kutoka mbele, ninamwona. Hakuinua macho. Ibada ilipokwisha tukatoka nje kwa mnada wa sadaka za vitu kama kawaida, yeye akapita kando ya ua la masale, ile mimea ya mipakani, akaelekea kwake. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa ameweka mayai sita juu ya meza ya mnada, kwenye kikapu, bila kusema neno.

Mayai yale yaliuzwa vizuri. Yai moja lilinunuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena mara tatu. Watu walishangilia. Mimi niliandika "mayai 6" kwenye daftari na mkono ukanitetemeka. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Sasa kamati inataka harambee Jumapili ya Mitende, tarehe 29 Machi, yenye mgeni rasmi na kadi za mwaliko. Kabla sijatia saini barua ya mgeni rasmi naomba uzoefu wenu. Kwenu mnachangishaje kipindi hiki cha Kwaresma na masika, mfuko wa kila mtu ukiwa mkavu? Na kusoma majina, je, mnasoma?

#2 KijanaWaKihamba · 23 Februari

Pole sana mama.

Mimi naona tatizo limeanzia Desemba. Mtu anaahidi kwa mfuko wa Desemba halafu anadaiwa kwa mfuko wa Machi. Krismasi nyumbani kuna ndugu wa mjini, kuna nyama, kuna aibu ya kusimama na kutaja kidogo mbele ya shemeji. Ikifika Kwaresma shemeji yupo Dar, na anayeulizwa ni yule aliyebaki na ng'ombe wawili na kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa.

Kahawa huku kwetu inaanza kuiva kuelekea Julai. Maharage ndiyo kwanza yanasubiri mvua. Ukiniuliza mwanakijiji ana nini mwezi wa tatu, nitakwambia ana maziwa, mayai, mkungu mmoja mmoja, majani ya ng'ombe na mikono yake. Hela taslimu hana.

#3 MzeeWaBaraza · 24 Februari

Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na tisa, usharika tofauti na wako. Nasema kwa upendo: usijilaumu kupita kiasi. Ahadi ni nadhiri. Mhubiri sura ya 5 inatufundisha kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Hakuna aliyemlazimisha mtu kutaja kiasi.

Kwetu nyumba ya mchungaji ilikaa kwenye linta miaka sita. Tulipoanza kusoma majina kila mwezi, ndani ya mwaka ikaezekwa. Anayetoa naye ana haki ya kujua nani hatoi. Bila hivyo watu kumi wanaubeba msalaba wa watu mia.

#4 MhaziniWaMtaa · 24 Februari

Mzee shikamoo. Nakuelewa, na fedha kweli iliingia: jana jioni watu wanne walikuja kwangu kulipa. Lakini wote wanne ni wenye mishahara. Aibu iliwasukuma wenye nacho wakatoa. Asiye nacho ilimsukuma nje ya mlango.

#5 MamaWaRungwe · 24 Februari

Mimi ni Mmoravian, Rungwe, ambako wamisionari wa kwanza wa kanisa letu walifika 1891. Niwaambie jinsi masika na Pasaka yanavyokwenda kwetu, labda utaokota kitu.

Wiki kabla ya Pasaka tunasafisha makaburi. Hapo hakuna mwenye nacho na asiye nacho, kila mtu anakuja na jembe na fyekeo, na mvua ya Aprili ya Rungwe mnaijua, inanyesha kana kwamba haitakata. Tunapalilia, tunainua udongo uliotitia, watoto wanapaka chokaa. Alfajiri ya Pasaka, giza bado, tunakwenda pale pale na tarumbeta, tunaimba mpaka jua litoke, na tunawakumbuka waliolala katika Bwana tangu Pasaka iliyopita. Desturi hii Wamoravian wameitoa Herrnhut, Ujerumani, ilianza 1732, lakini ukiwa umesimama kwenye umande karibu na kaburi la mama yako hutaiona ya Kijerumani hata kidogo.

Nachotaka kusema ni hiki. Ile kazi ya makaburini ndiyo inayofanya mchango wa baada ya Pasaka uwe mwepesi. Mliokwisha kushika majembe pamoja hamwezi kunyimana. Dada, ninyi mmeanza na daftari. Jaribuni kuanza na jembe.

Kuhusu majina: sharika zinatofautiana. Ninapoabudu mimi, hapana.

#6 BintiWaJumuiya · 25 Februari

Tumsifu Yesu Kristo. Mkatoliki, Dar es Salaam.

Kwetu mambo mengi yanapitia jumuiya ndogondogo. Tunakutana nyumba kwa nyumba, Jumamosi asubuhi mapema, kaya kumi na tano au ishirini. Mweka hazina wa jumuiya anajua nani amefiwa, nani kaachishwa kazi, nani mtoto yuko hospitali. Parokia ikileta mchango, jumuiya inakaa na kusema: fulani na fulani tuwabebe mwaka huu. Jina halifiki altareni. Likifika, limefika kwenye nia ya misa.

Kwaresima tuna Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na tuna kile tunachojinyima tukakiweka kando kwa ajili ya wahitaji. Naomba niulize kwa unyenyekevu: Kwaresima ni kipindi cha kumtafuta mjane tumpe. Sasa inakuwaje yeye ndiye anayeitwa kwa jina ili atoe?

#7 KijanaWaKihamba · 25 Februari

Hilo swali la #6 lisomwe kwenye kikao.

#8 NairobiMashariki · 25 Februari

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Kuhusu mgeni rasmi niruhusuni niseme, maana sisi Kenya tumeyapitia.

Harambee ilikuwa jambo zuri kwetu. Wazee wetu walijenga shule na makanisa kwa kuku na mawe ya kubebwa kichwani. Kisha wanasiasa wakaingia. Mheshimiwa anakuja amechelewa saa mbili, ibada inamsubiri, anatoa bahasha, anachukua kipaza sauti, na mahubiri yanageuka mkutano wa kampeni. Mama aliyeleta mia moja yake anajiona hajaleta kitu.

Ilifika mahali viongozi wa kanisa wakasema basi. Septemba 2021, katika ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno kule Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubu kwenye mimbari. Na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, mtaa wa Nairobi, shilingi za Kenya milioni 2.6, likaagiza zirudishwe. Hebu fikirieni parokia ya mtaa wa watu wa kipato cha chini inarudisha milioni mbili na zaidi. Waliumia, lakini walitembea wima.

Sisemi kila mgeni rasmi ni mbaya. Nasema kwanza muulizeni anakuja kufanya nini.

#9 MzeeWaBaraza · 26 Februari

Hapo kwa wanasiasa nakubaliana nawe, ndugu. Sisi tulimwita daktari mzaliwa wa hapa, si mwanasiasa, na hakuomba hata kusalimia. Lakini hata hivyo niseme ukweli: gharama ya chakula cha wageni, turubai na kadi ilikula sehemu kubwa ya kilichopatikana. Hilo kwenye taarifa tuliliandika kwa maandishi madogo. Halikunifurahisha.

#10 ThelujiMinnesota · 27 Februari

Bwana asifiwe. Mimi ni mtoto wa Iringa, sasa nina miaka kumi na mmoja huku Minnesota, Marekani. Niliingia kanisa la Kilutheri la huku kwa sababu ya uhusiano wa Bega kwa Bega, ule wa Dayosisi yetu ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul, ulioanza 1987. Nilipofika mlangoni nikakuta picha ya kanisa la kijiji cha jirani na kwetu, imetundikwa ukutani na watu wanaliombea kwa jina. Nililia.

Wao Kwaresma yao inaanza theluji ikiwa bado imefika magotini na inakwisha majani yanachipua, kwa hiyo kanisa zima linakuwa kama linaamka usingizini. Mambo mawili wanayofanya nayapenda sana.

La kwanza ni supu ya Jumatano. Kila Jumatano ya Kwaresma, jioni, familia mbili tatu zinapika supu kwenye masufuria makubwa, za dengu, za kuku, za viazi, na mkate. Watu wanatoka kazini wanakuja moja kwa moja na watoto. Mnakula kwenye meza ndefu, kisha mnaingia kwa sala fupi ya jioni. Mlangoni kuna kikapu. Kikapu kile hakina bei na hakuna anayekiangalia. Anayetia dola hamsini na mwanafunzi asiyetia kitu wanakula supu ile ile. Mara nyingi kinachopatikana kinakwenda kwa vijana au kwa ghala la chakula la wahitaji. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na kazi, nilikula supu Jumatano zote na hakuna aliyeniuliza. Mwaka wa tatu nikapika mimi, mtori! Ndizi nilizipata duka la Waasia, si mshale, zile ndizi za mtori, lakini sufuria lilirudi tupu.

La pili ni uuzaji wa miche. Huku baridi ya kuua mimea inaweza kurudi hadi katikati ya Mei, kwa hiyo akina mama na wastaafu wanasia mbegu ndani ya nyumba mwezi Machi, chini ya taa, nyanya, hoho, maua. Ikifika Mei, karibu na Siku ya Akina Mama, wanapanga meza uani mwa kanisa na mtaa mzima unakuja kununua, hata wasiosali. Mtu anayenunua mche wa nyanya wa bibi fulani atarudi Agosti kumwambia zilivyozaa.

Na ninyi masika si ndiyo majira ya kupanda?

#11 KijanaWaKihamba · 27 Februari

Umenigusa. Sikilizeni.

Sasa hivi mlimani kila mtu anatafuta cha kupanda. Anayetaka kahawa mpya anatafuta miche bora ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo. Anayetaka parachichi anatafuta Hass ya kubebesha. Machipukizi ya mshale yanaombwa kwa majirani. Vijana wa kipaimara wapo, Jumamosi wanakuja darasani kwa mwinjilisti. Na mambo ya miche kanisani si mageni kwetu, Askofu Fredrick Shoo wa KKKT amejulikana hadi nje ya nchi kwa kampeni yake ya kupanda miti.

Angalizo moja la kitaalamu: parachichi la kubebesha halipatikani kwa wiki tano, msidanganyane. Lakini sukuma wiki, chainizi na nyanya ukisia tarehe 1 Machi, Jumapili ya Mitende mche uko tayari kuhamishwa. Machipukizi ya mgomba yapo kihambani, yanahitaji kung'olewa tu, na kuyapunguza ni faida kwa mgomba wenyewe.

#12 MsomajiWaKumbukumbu · 28 Februari

Mtaruhusu nichepuke kidogo.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893, wakaanzia Machame. Mmoja wao, Bruno Gutmann, alikuja 1902 na sehemu kubwa ya utumishi wake aliifanya Old Moshi. Alishika jambo ambalo wenzake wengi hawakulishika: kwamba Mchagga hasimami peke yake mbele za Mungu, anasimama na ukoo wake, majirani zake na rika lake. Akajenga usharika juu ya vifungo hivyo vitatu. Waliobarikiwa kipaimara pamoja waliwekwa katika makundi ya kusaidiana. Wapo waliomlaumu, kwamba aliupenda uzamani kuliko wenyewe walivyoupenda, na lawama hiyo ina uzito. Lakini ukiangalia kuchimba mfongo (mfereji wa maji), kujenga nyumba, kuzika, kazi kubwa za mlima zilifanywa kwa ujirani, kwa siku, kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Aliyekosa kuja alitafutwa kwake na majirani.

Bahasha yenye jina la mtu mmoja mmoja ni jambo la juzi. Lina faida zake, hesabu zinaonekana. Ila limemtoa mtu kwenye rika lake na kumsimamisha peke yake mbele ya daftari.

#13 BintiWaJumuiya · 28 Februari

Nimesoma mara mbili. Asante.

#14 MhaziniWaMtaa · 1 Machi

Nimechapa uzi huu wote nikaupeleka kwenye kikao cha wazee baada ya ibada leo. Barua ya mgeni rasmi sijatia saini. Kikao kilikuwa kirefu na kuna waliotoka wamenuna. Nitaleta mrejesho. Niombeeni.

#15 MhaziniWaMtaa · 15 Machi

MREJESHO WA KWANZA

Nianze na lililokuwa zito. Jumanne ile baada ya kikao, mimi, mwinjilisti na mama mmoja wa umoja wa wanawake tulikwenda kwa yule mjane. Sikwenda mikono mitupu wala sikwenda na bahasha. Nilikata isale, jani la masale, pale uani kwangu, nikalifunga fundo kama mama yangu alivyonifundisha. Wa huku mnajua: ukimletea mtu isale umekwenda kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito.

Tulimkuta anakata majani ya ng'ombe. Alipoliona isale mkononi mwangu akaweka mundu chini. Nikamwambia, "Mama, nilikosea. Nilisoma jina lako mahali ambapo nilipaswa kuja kukuuliza habari zako." Akakaa kimya muda mrefu. Akalipokea. Ndipo akanieleza kwamba mjukuu wake aliugua tangu Januari, hela ya kahawa yote na mbuzi wawili vimekwisha huko. Nyumba yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka kanisani. Sikuwa najua. Mwinjilisti naye hakuwa anajua, akalia mbele yetu.

Akatupa maziwa. Tukanywa, tukaomba, tukaondoka.

La pili ni bati. Wazee walikubali kwamba tusisubiri fedha yote itimie. Mvua zimeshaanza kugonga usiku. Jana Jumamosi tarehe 14 tukatangaza msaragambo. Walikuja watu zaidi ya themanini! Mzee mmoja alitoa mti wa mbao aliokuwa ameukata kwa kibali tangu mwaka jana, ukapasuliwa hapo hapo, kenchi tatu zikabadilishwa. Kwa fedha iliyokuwepo tulinunua bati kumi na nne na misumari, tukaziweka sehemu mbaya kabisa juu ya madhabahu na juu ya kwaya. Matundu mengine tukayaziba kwa lami. Akina mama walipika kiburu na maharage chini ya mti, watoto wakabeba maji.

Kuna jambo sitalisahau. Jirani yetu mmoja ni fundi seremala, Mwislamu. Mwaka huu Kwaresma na Ramadhani zimeanza wiki ileile, kwa hiyo yeye alikuwa amefunga. Alikuja saa mbili asubuhi na nyundo yake, akapanda juu, akafanya kazi hadi saa nane mchana bila tone la maji. Tulipomwambia ashuke apumzike akasema, "Kaburi la baba yangu nilichimbiwa na ninyi." Jioni tulimpelekea futari nyumbani kwake, mtori na tende tulizonunua kwa kuchangishana papo hapo.

#16 MamaWaRungwe · 15 Machi

Dada nimesoma hili nikiwa kwenye daladala, abiria mwenzangu ameniuliza kama nimefiwa.

#17 NairobiMashariki · 15 Machi

Mungu awabariki. Mpeni huyo fundi salamu zangu, na Idi njema ikifika.

#18 MzeeWaBaraza · 16 Machi

Nimefuatilia kimya kimya. Nina swali la kiutawala, na naomba lisichukuliwe kama upinzani. Zile ahadi 37 mmezifanyaje? Maana msamaha ni mzuri, lakini daftari lazima lifungwe na mkaguzi wa usharika atakuja.

#19 MhaziniWaMtaa · 16 Machi

Swali la haki kabisa, mzee wangu. Tumeigawa orodha kwa jumuiya. Wazee wawili wawili wanakwenda nyumba kwa nyumba hadi Mitende. Hawaendi kudai. Wanakwenda kuuliza: hali ikoje, na ahadi hii ungependa kuitimiza lini na kwa namna gani? Nitaleta hesabu kamili.

#20 MhaziniWaMtaa · 6 Aprili

MREJESHO WA PILI, JUMATATU YA PASAKA

Kristo amefufuka!

Kwanza hesabu, kwa ajili ya mzee wetu wa #18. Katika wale 37, watu 21 wamemaliza au wameanza kulipa, na wengi wao walisema walikuwa wamesahau kiasi walichoahidi Krismasi. Tisa wameomba walipe Agosti baada ya kuuza kahawa, na wameandika hivyo wenyewe. Wanne wameomba kulipa kwa kazi: mmoja ni fundi, atatengeneza madirisha mawili, wengine watabeba mawe na mchanga wa ngazi. Watatu ahadi zao zimefutwa kwa uamuzi wa wazee, umeandikwa kwenye muhtasari bila kutaja sababu. Mama yetu mjane ni mmoja wa hao watatu. Ametuambia hataki kufutiwa, tumpe hadi mwaka kesho. Wazee bado wanavutana naye, na sidhani watamshinda.

Jumapili ya Mitende hatukuwa na mgeni rasmi. Baada ya ibada, watoto walipokuwa bado wameshika matawi, tukafungua meza ya miche. Vijana wa kipaimara walikuwa wamesia chainizi, sukuma wiki na nyanya kwenye viriba na makopo nyuma ya nyumba ya mwinjilisti, wakilinda kuku wasiparue. Nyanya kidogo zilichelewa, baridi ya mlimani, lakini zilinunuliwa hivyo hivyo. Machipukizi ya mshale yalikuja kutoka vihamba mbalimbali, na yaliyokuwa bora kuliko yote, kumi na mawili, manene kama paja, yaliletwa na yule mama. Watu waligombania. Yeye mwenyewe alisimama nyuma ya meza akiwafundisha vijana wa mjini jinsi ya kuchimba shimo na mbolea kiasi gani itiwe.

Tukafuatisha mnada wa kawaida: mayai, maziwa, mikungu, kuku mmoja jogoo aliyetusumbua. Ndugu wa Dar tuliwatumia picha na namba ya kulipia, baadhi wakanunua mkungu kwa simu na kusema apewe bibi fulani asiye na mgomba. Miche na mnada pamoja vilileta shilingi 412,000. Harambee pengine ingeleta zaidi. Lakini hakukuwa na turubai wala kadi wala chakula cha wageni cha kulipa, na safari hii hakuna aliyepita kando ya ua akaenda kwake.

Supu ya Jumatano ya dada wa Minnesota tulijaribu mara mbili. Ya kwanza mvua ilikata njia, tulikuwa kumi na mmoja. Ya pili watu wa jumuiya ya bondeni walipika wao, ikajaa. Mwakani tutaanza mapema.

Na jana alfajiri tarumbeta zililia saa kumi na moja, mvua inanyesha. Tuliingia kanisani tumelowa. Wakati wa wimbo wa kwanza niliinua macho juu ya madhabahu, kwa mazoea ya mwaka jana. Nikaona wengine nao wanaangalia juu. Pakavu.

#21 ThelujiMinnesota · 6 Aprili

Amefufuka kweli kweli! Nimewasomea kanisani kwetu habari ya fundi na ya miche, kwa Kiingereza changu. Mama mmoja mstaafu anauliza mshale unapandwaje. Nimemwambia kwa baridi hii asahau, lakini ameandika jina.

#22 MzeeWaBaraza · 7 Aprili

Mhazini, naomba kitu. Sisi tuna ahadi za darasa la shule ya Jumapili, majina zaidi ya sitini, na Jumapili ijayo ilikuwa zamu ya kuyasoma. Nimemwomba mwenyekiti asogeze. Nielekeze daftari lenu jipya mmelipanga vipi safu zake.

#23 MhaziniWaMtaa · 7 Aprili

Mzee, shikamoo tena. Safu tano: namba ya bahasha, kiasi au kitu alichoahidi, kilichopokelewa, msimu aliouchagua mwenyewe (masika, kahawa au Krismasi), na mzee anayemtembelea. Majina yako kwenye daftari jingine, analo mwinjilisti, mimi nina nakala, basi. Mkaguzi wa usharika tulimwonyesha yote mawili, akaomba tu tuongeze sahihi ya mwenye ahadi kila tunapobadilisha msimu. Nikishuka Moshi Ijumaa nitakupigia picha ukurasa wa kwanza, nikiwa nimeziba namba.

#24 MzeeWaBaraza · 7 Aprili

Marahaba. Nasubiri Ijumaa.